Mapokezi ya Kila Ndege

"Wizara ya Mapokezi na Viwanja vya Ndege ya Jamhuri Tukufu ya Subirani ina furaha isiyo na kipimo kuwatangazia abiria wote wanaongoja ndege za kuunganisha kwamba, kuanzia awamu hii, hakuna binadamu atakayepoteza muda wake juu ya ardhi yetu. Nchi nyingine humwacha abiria asinzie kitini mdomo wazi kama samaki wa mnadani. Sisi tumekataa. Kwa hekima ya Baba Mkuu, kila abiria atakayengoja zaidi ya saa tatu atahesabiwa kuwa mwananchi wa muda, na atapata heshima ya kulitumikia taifa mpaka ndege yake itakapokuja. Kungoja ni kujenga. Asanteni."

Kisha sauti ile ile, ikidhani kipaza sauti kimezimwa, ikasema, "Sasa nani amechukua chaja yangu? Nilisema hapa mezani pasiguswe."

Lusungu alikuwa ameketi juu ya begi lake la shule akila biskuti. Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tano, katika shule ya bweni iliyo mbali sana na kwao, na alikuwa safarini kwenda kumzika mama yake. Tiketi iliyouzwa kwa bei ya chini kuliko zote ilipitia Subirani. Mazishi yalipangwa Jumamosi saa sita mchana, na leo ilikuwa Ijumaa asubuhi. Ndege yake ya pili ingeondoka alasiri. Muda ulikuwepo, tena wa kumwaga.

Jambo moja tu lilimkaa rohoni. Kwao, kitindamimba ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini, na kabla yake hakuna mtu anayegusa koleo. Lusungu ndiye aliyekuwa kitindamimba.

Alikuwa bado anatafuna wakati askari mmoja mwenye adabu alipomchomekea bendera ndogo mkononi, akamwondolea biskuti, akasema, "Karibu katika ujenzi wa taifa, ndugu. Kundi lako ni la vigelegele. Simama pale."

*

Inafaa msomaji aelezwe, kwa heshima zote, jinsi Subirani ilivyofikia maendeleo haya.

Baba Mkuu wa nchi hiyo alipenda kusafiri. Alisafiri kutafuta wawekezaji. Alipowapata, alisafiri kwenda kuwashukuru. Walipotoweka, alisafiri kwenda kuwaulizia. Saa ya kurudi kwake ilikuwa siri ya dola, na mtu aliyeonekana kuijua alikamatwa kwa kosa la kuijua. Papo hapo, kutompokea Baba Mkuu lilikuwa kosa la kifungo. Sasa kama hujui mtu anakuja na ndege ipi, na usipompokea unafungwa, utafanya nini? Nchi nyingine zingekaa chini zikafikiri. Subirani haikupoteza muda. Iliamua kupokea ndege zote.

Kila ndege iliyotua ilitandikiwa zulia jekundu. Baraza la Mawaziri lilijipanga, matarumbeta yakapigwa, na Redio ya Taifa ikarusha moja kwa moja. Zilipokelewa ndege za watalii, ndege za barua, na siku moja ndege iliyotua kwa dharura kwa sababu rubani alikuwa anaharisha. Rubani huyo alivishwa shada la maua akiwa anakimbia.

Mwanzoni walisombwa wananchi wa kawaida kwa malori waje kushangilia. Lakini wananchi wana tabia mbaya ya kusikia njaa. Waliomba soda, kisha wakaomba nauli ya kurudi, na mwishowe mmoja akauliza bei ya mchele mbele ya balozi. Ndipo mtaalamu wa Wizara alipofanya ugunduzi uliompatia nishani na nyumba. Aliona kwamba abiria anayengoja ndege ni mwananchi bora kuliko mwananchi. Amekwisha kukaguliwa na hana hata kisu cha kukatia kucha. Chakula anajinunulia mwenyewe. Bei ya mchele haimhusu. Na pasipoti yake tunayo sisi.

*

"Usipige kigelegele kwa kinyongo, mwanangu," alisema mama aliyesimama ubavuni mwa Lusungu. "Wanasikia. Ukishangilia vizuri wanakupa soda. Ukishangilia vibaya wanakupa semina ya uzalendo."

Huyu alikuwa Mama Zawena, mfanyabiashara wa vitenge, mnene, mcheshi, mwenye sauti iliyokwisha kukwaruzika. Alikuwa amevaa sweta zito na kofia ya sufu katika joto la kuchemsha yai.

"Mama, huoni joto?"

"Naliona. Nilipofika hapa kulikuwa na baridi."

Lusungu akacheka. Mama Zawena hakucheka, na kicheko cha Lusungu kikaishiwa nguvu njiani.

"Lakini ndege yangu ni ya alasiri hii," alisema Lusungu.

"Na yangu pia ilikuwa ya alasiri. Alasiri nzuri kabisa."

Hakuelewa, mpaka ndege yake ilipotua. Ilikuwa nyeupe, na jina la nchi yake liliandikwa ubavuni. Lusungu alinyanyua begi akaelekea mlangoni. Askari mwenye adabu akamzuia kwa kiganja.

"Mapokezi yanaendelea, ndugu."

"Lakini hii ndiyo ndege yangu."

"Basi una bahati. Utaipokea kwa moyo zaidi."

Abiria walishuka wakipepesa macho, wakavishwa maua, wakapita. Lusungu akangoja matarumbeta yakome. Hayakukoma. Kulikuwa na kanuni, na Mama Zawena alimweleza kati ya kigelegele na kigelegele. Baba Mkuu alikuwa mtu wa usingizi mzito. Huenda abiria wote wakashuka, yeye akabaki kitini amelala. Kwa hiyo ndege ilipaswa kushangiliwa mpaka itakapopaa tena, ndipo ijulikane kwa hakika kwamba hakuwa na nia ya kushuka. Na mtu aliyemo katika mapokezi haruhusiwi kuondoka mapokezini.

"Kwa hiyo tunaishangilia mpaka iondoke," alisema Lusungu.

"Ehee."

"Bila sisi."

"Shule unasoma, naona inakusaidia," alisema Mama Zawena, akainua ulimi kupiga kigelegele kingine.

Ndege nyeupe ikajigeuza, ikakimbia, ikapaa. Lusungu aliipungia bendera, kwa sababu askari alikuwa anamtazama.

*

Jioni hiyo alimpata Katibu Mkuu wa Wizara, Mheshimiwa Mng'arizi, akikagua mikunjo ya zulia. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, na alipozungumza aliiteremsha sauti mpaka tumboni kisha akaipandisha taratibu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Lusungu alishtuka. Aliifahamu sauti ile. Ndiyo ya Mwalimu Kapungu, mwalimu mkuu wa shule yao, yenye kile kikohozi kifupi cha mwanzo na "kwa hakika" katikati. Inaonekana watu wa namna hiyo, nchi zote, hugawiwa koo kutoka ghala moja.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mama yangu anazikwa kesho saa sita."

Mheshimiwa Mng'arizi akakohoa. "Marahaba. Pole sana, kijana. Taifa, kwa hakika, linaungana nawe katika msiba huu mzito. Bendera yako umeiinamisha. Inyanyue."

"Naomba kesho niruhusiwe nipande ndege badala ya kuipokea."

"Nikikuruhusu wewe, kesho kila mtu atafiwa."

"Mheshimiwa, kwani kuna mtu amemwona Baba Mkuu hivi karibuni?"

Mheshimiwa aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama akanyoosha zulia lililokwisha kunyooka. "Picha zake zipo kila ofisi," alisema.

Ilikuwa kweli. Lusungu alikuwa ameziona. Katika picha zote Baba Mkuu alikuwa kijana wa nywele nyingi, amesimama kando ya gari la aina ambayo babu yake Lusungu alikuwa nayo.

Simu ikalia. Alikuwa Mjomba Asajile, kaka wa marehemu na msimamizi wa mazishi.

"Bwana mdogo, uko wapi? Makaka zako wote wameshafika, hata yule wa bandarini ambaye hafikagi popote."

"Nipo Subirani, mjomba. Ndege imeniacha. Kesho asubuhi ipo nyingine. Nisubirini kidogo."

"Sisi tungesubiri. Umeme ndio umekatika mochwari, na jenereta lao limeazimwa harusini. Mwisho saa sita, baba. Zaidi ya hapo mama yako atatuaibisha, na wewe unajua alivyochukia aibu." Nyuma yake yalisikika matarumbeta. "Samahani kwa kelele. Ni redio. Hapa kijijini ya kwetu haishiki, inashika hiyo ya huko kwenu Subirani. Tangu jana wanapokea ndege tu. Kuna nini huko?"

"Maendeleo, mjomba," alisema Lusungu.

*

Sasa lazima lisemwe jambo ambalo shule yake isingependa liandikwe.

Mwaka uliopita, Mwalimu Kapungu akiwa bafuni, Lusungu aliingia ofisini, akawasha kipaza sauti, akakohoa, na kwa sauti ya mwalimu mkuu akaitangazia shule nzima kwamba, kwa hakika, likizo imeanza mapema kutokana na maharage kuingiliwa na wadudu kupita kiwango cha wizara. Kabla ya chai ya saa nne mabweni yalikuwa matupu. Wapishi walikuwa wa kwanza kuondoka. Walimu wawili walipanda basi moja na wanafunzi, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa nidhamu.

Lusungu alisimamishwa masomo, akarudi nyumbani Krismasi na barua ya aibu. Mama yake aliisoma amesimama jikoni, mwiko mkononi, uso umekunjamana. Alinyanyua mwiko. Kisha akaushusha kidogo, akasema, "Hebu kwanza nisikie hiyo sauti yenyewe." Lusungu akakohoa, akasema maneno mawili. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mjomba Asajile, aliyekuwa sebuleni, alikuja mbio akidhani mtu ameungua. Kila siku ya likizo ile Lusungu aliombwa arudie, na kila siku mama aliapa kwamba atampiga mara tu atakapomaliza kucheka.

Jumamosi asubuhi ndege nyeupe ilipotua tena, mambo hayo yote yalikuwa kichwani mwake. Matarumbeta yalilia. Mawaziri walijipanga. Msichana wa matangazo aliacha meza yake akakimbilia uwanjani, maana siku hiyo alikuwa na zamu ya maua. Kipaza sauti kilibaki peke yake, taa yake nyekundu ikiwaka.

Lusungu alifikiri hivi. Watu hawa hawataacha kupokea mpaka Baba Mkuu afike. Basi na afike.

Akajipenyeza mpaka kwenye meza ya matangazo, akakohoa.

"Ndugu wananchi wa kudumu na wa muda. Kwa unyenyekevu usio na mfano, Baba Mkuu amewasili nchini muda huu huu. Hakuja na ndege hii kubwa mnayoishangilia. Amekuja, kwa hakika, na ile ndogo ya vitunguu iliyotua alfajiri, akashukia mlango wa mizigo, akapita katikati yenu akiwa amevaa kama mtu yeyote. Waliomtambua wakamsalimia, amewaona. Wasiomtambua, amewaona pia. Sasa yupo Ikulu. Mapokezi yamefungwa. Abiria waende kwenye ndege zao."

Uwanja ulinyamaza kama bweni lililosikia viatu vya mwalimu wa zamu. Kisha Waziri wa Kilimo akajipiga kifua. "Nilimwona," alisema. "Nilimsalimia. Mkono wake ulikuwa na harufu ya vitunguu, nikajiuliza."

"Mimi nilimbebea mfuko," alisema Waziri wa Fedha.

"Mimi aliniuliza hali ya mama," alisema Waziri wa Ulinzi, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli kabisa.

Hakuna aliyetaka kuwa mtu pekee ambaye hakumwona. Magari yakawashwa. Wapiga matarumbeta walining'inia nyuma ya gari la zimamoto. Dakika chache baadaye uwanja ulikuwa na zulia, maua yaliyokanyagwa, na abiria wa kuunganisha ndege wameshikilia bendera ndogo kama watoto waliosahauliwa kufuatwa shuleni.

"Mwanangu," alisema Mama Zawena, sauti imekauka, "ni kweli tunaondoka?"

"Tunaondoka, mama. Kimbia."

Alikimbia, sweta na vyote.

*

Lusungu alipata kiti cha dirishani. Alifunga mkanda. Alihesabu: saa moja na nusu hewani, kisha pikipiki kutoka mjini, na hata begi asilishushe. Angefika na jasho, na viatu vya shule, na angefika. Ndege ikajigeuza taratibu. Mama Zawena, kiti cha mbele, alivua kofia ya sufu, akajipepea nayo, akaanza kulia kwa furaha, bila kelele.

Ndege ikasimama.

"Ndugu abiria," alisema rubani, "nimepokea amri kutoka Ikulu. Kwa kuwa Baba Mkuu amewasili akiwa amechoka sana na safari, anga la Subirani limefungwa ili ngurumo za injini zisimsumbue. Litafunguliwa mara tu atakapoamka."

Lusungu alishuka ngazi akikimbia. Hakuna aliyemzuia, hapakuwa na pa kwenda. Alimkuta Mheshimiwa Mng'arizi amesimama peke yake juu ya zulia.

"Mheshimiwa, hajaja," alisema Lusungu. "Nilidanganya. Ni mimi niliyetangaza, kwa sauti yako. Nifunge ukitaka, ila tangaza kwamba hayupo, ndege iondoke."

"Najua ni wewe," alisema Mheshimiwa Mng'arizi. "Sauti yangu naijua. Na mimi sijawahi kusema kitu kinachoeleweka upesi hivyo."

"Basi tangaza."

"Nitangaze nini, kijana? Baraza zima limeshamsalimia. Waziri wa Afya amempima presha. Mimi mwenyewe nimempelekea chai, na kikombe kimerudi kitupu."

"Nani alikunywa?"

"Hayo ni mambo ya usalama."

"Basi niache mimi nitangaze kwamba ameamka. Mara moja tu."

"Kumwamsha ni uhaini. Kusema ameamka kabla hajaamka ni uhaini wa kukusudia. Na sasa kipaza sauti kinalindwa." Alikohoa, kile kikohozi kifupi, lakini safari hii hakikufuatwa na hotuba. "Mama yangu mimi alizikwa nikiwa hapa. Siku hiyo tulipokea ndege ya vifaranga." Akainama, akaanza kuokota maua. "Hakuna aliyeniambia kwamba inawezekana kudanganya."

"Ataamka lini?" aliuliza Lusungu.

Mheshimiwa Mng'arizi aliendelea kuokota maua. Wote wawili walijua. Huamka mtu aliyepo tu.

*

Saa sita kasoro, simu ililia. Lusungu alikuwa amekaa ukingoni mwa zulia jekundu, begi mapajani.

"Lusungu," alisema Mjomba Asajile. Hakumwita bwana mdogo.

"Naam, mjomba."

"Tupo kaburini. Tumeshamshusha." Upepo ulipuliza kwenye simu. "Hapa watu wamekuja na redio. Asubuhi wametangaza kwamba baba yao amerudi. Tangu hapo wanalirudia tangazo lile lile, na anga limefungwa."

"Nimesikia, mjomba."

"Wewe umesikia. Mimi nimeisikia ile sauti. Sauti ile mimi naifahamu. Mama yako aliicheka jikoni mpaka akakaa chini na mwiko wake. Sasa niambie, mpwa wangu, ni masikio yangu yamezeeka?"

Lusungu alitazama kipaza sauti kwa mbali, kimezungukwa na askari. Angeweza kukataa. Nchi nzima ilikuwa inakataa.

"Hayajazeeka," alisema.

"Ni wewe uliyefunga anga."

"Ni mimi. Nilitaka kulifungua."

Mjomba Asajile alivuta pumzi ndefu. Haikujulikana kama alitaka kutukana au kulia, na huenda yeye mwenyewe hakujua. "Watu wameshika makoleo," alisema. "Wanakungoja wewe, na hatuwezi kukungoja. Nitaishikilia simu juu ya kaburi. Sema chochote, kisha nitatupa udongo kwa niaba yako. Ila usimsemee kwa sauti ya mwalimu wako. Sema wewe."

Ukaja upepo mtupu, na mbali ndani yake sauti za watu wanaonyamazishana. Lusungu alifungua kinywa. Kitu cha kwanza kilichotoka ni kile kikohozi kifupi, kwa mazoea. Akakimeza.

Nyuma yake matarumbeta, yaliyokwisha kurudi kutoka Ikulu, yalianza tena, wimbo wa kushukuru ujio wa Baba Mkuu.

"Mama, ni mimi," alisema. "Yule bwana hakuja. Na mimi sikuja."